Kutoka Wodini Hadi Mahakamani: Utunzaji Salama wa Silaha na Vielelezo Vingine

Tarehe 16 Juni 1871, katika hoteli moja ya mji wa Lebanon, jimbo la Ohio nchini Marekani, wakili Clement Vallandigham alikuwa akiwaonyesha mawakili wenzake hoja aliyokusudia kuitoa mahakamani. Mteja wake, Thomas McGehan, alishtakiwa kwa kumwua mtu kwa bastola katika ugomvi wa baa. Utetezi ulidai kwamba marehemu alijipiga risasi mwenyewe, alipokuwa akiichomoa bastola yake mfukoni huku akiinuka kutoka katika hali ya kupiga magoti. Mapema siku hiyo Vallandigham alikuwa ametoka kufanya majaribio: alifyatua bastola kwenye kipande cha nguo ili aone baruti huacha alama gani mtutu unapokuwa karibu. Aliporudi, bastola mbili zikalala ubavu kwa ubavu chumbani mwake, moja tupu na nyingine ikiwa bado na risasi. Alichukua ile aliyoiamini kuwa tupu, akaitia mfukoni, akaichomoa kama alivyodai marehemu aliichomoa, kisha akaifyatua. Alifariki asubuhi iliyofuata. McGehan hatimaye aliachiwa huru.

Kisa hiki husimuliwa kama kioja cha wanasheria, lakini mtu wa afya akikisoma kwa makini ataona jambo analolifahamu vyema. Vallandigham hakuwa mjinga wala mgeni wa bastola. Kilichomwua ni kosa lile lile ambalo kila muuguzi hufundishwa kuliogopa: vitu viwili vinavyofanana, visivyo na lebo, vimewekwa pamoja, na mtu akategemea kumbukumbu yake badala ya kuhakikisha kwa macho. Kosa hilo likitokea kwenye vichupa vya damu, mgonjwa hupewa damu isiyo yake. Likitokea kwenye silaha, mtu hupigwa risasi. Likitokea kwenye vielelezo, asiye na hatia hufungwa au mwenye hatia huenda zake. Ndiyo maana usalama wa mwili na usalama wa ushahidi haviwezi kufundishwa mbalimbali. Mazoea yanayolinda kimoja ndiyo yanayolinda kingine.

Aghalabu watumishi wa afya hudhani kwamba vielelezo ni kazi ya polisi na makarani wa mahakama. Dhana hiyo si sahihi. Katika mashauri ya kujeruhi, kuua na kubaka, vielelezo vingi muhimu hupita kwanza katika mikono ya muuguzi wa zamu, daktari wa dharura na mhudumu anayefagia sakafu. Risasi hutolewa mwilini kwenye chumba cha upasuaji. Shati lenye tundu hukatwa kwa mkasi na kutupwa chini ya kitanda. Kisu wakati mwingine huja kikiwa bado kimo ndani ya mgonjwa.

Mfano ulio mashuhuri kuliko yote ulitokea katika hospitali ya Parkland mjini Dallas, tarehe 22 Novemba 1963, siku aliyouawa Rais John F. Kennedy. Rais alifikishwa akiwa na tundu mbele ya shingo. Daktari Malcolm Perry aliamua kufungua njia ya hewa, akapasua mahali pale pale palipokuwa na tundu. Uamuzi huo ulikuwa sahihi, kwa kuwa uhai hutangulia ushahidi na hakuna mahakama yenye haki ya kumlaumu tabibu kwa hilo. Tatizo lilikuja baadaye. Madaktari waliofanya uchunguzi wa maiti usiku ule katika hospitali ya Bethesda hawakujua kwamba chini ya mpasuo ule palikuwa na jeraha la risasi. Walilifahamu asubuhi ya siku ya pili, mmoja wao alipozungumza na Perry kwa simu. Kuchelewa kwa maelezo hayo machache kumezaa ubishi ambao haujaisha hadi leo.

Siku hiyo hiyo Gavana John Connally, aliyekuwa katika gari moja na Rais, alijeruhiwa kwa risasi. Nguo zake zilipofikishwa maabara zilikuwa zimekwisha kusafishwa na kupigwa pasi. Wataalamu hawakuweza tena kupima masazo ambayo yangewaeleza tabia ya risasi iliyozitoboa. Aliyezisafisha bila shaka alidhani anatenda wema. Nayo risasi iliyookotwa kwenye machela hospitalini hapo ilipita mikononi mwa watu kadhaa kabla ya kufika maabara. Mwaka 1964, waliokuwa wa kwanza kuishika walipoonyeshwa risasi hiyo, hawakuweza kuthibitisha kwa uhakika kwamba ndiyo ile ile. Laiti yule wa kwanza angeitia kwenye bahasha, akaandika saa, tarehe na jina lake, swali hilo lisingekuwapo.

Nchini Tanzania, Mahakama ya Rufani imelieleza jambo hili kwa uwazi katika rufaa ya jinai namba 110 ya mwaka 2007, uamuzi ambao mawakili huutaja mara kwa mara panapobishaniwa kielelezo. Kwa maneno mepesi, mahakama ilitaka kuwepo na kumbukumbu za maandishi zenye mfuatano wa wakati, zinazoonyesha kitu kilikamatwa vipi, kilitunzwa na nani, kilihamishwa lini, kilichunguzwa wapi na hatima yake ikawa nini. Huo ndio unaoitwa mnyororo wa utunzaji wa kielelezo. Makusudi yake ni kuondoa shaka kwamba kitu kilipandikizwa ili kumtia mtu hatiani. Katika rufaa ya jinai namba 485 ya mwaka 2015, mahakama hiyo hiyo ilifafanua kwamba kanuni hiyo inaweza kulegezwa kwa kitu ambacho si rahisi kubadilishwa kinapopita mkono hadi mkono. Mtumishi wa afya asiuchukue ufafanuzi huo kuwa nafuu yake. Panga lenye mpini uliochongwa kwa namna ya pekee hujitambulisha lenyewe, lakini pamba yenye damu, kipande cha risasi au unga mweupe hufanana na maelfu ya vingine. Vitu vinavyotoka hospitalini karibu vyote ni vya aina hii ya pili.

Kwa hiyo kumbukumbu haina budi kuanza pale kitu kinapotoka mwilini au kinapovuliwa. Kwenye jalada la mgonjwa huandikwa ni kitu gani, kimetoka sehemu gani ya mwili, saa ngapi, nani alikitoa, kimewekwa katika chombo gani, na nani alikabidhiwa. Askari anayekuja kukichukua hutaja namba yake, cheo chake na kituo chake, kisha husaini. Anayekabidhi naye husaini. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamtaka afisa anayekamata kitu katika upekuzi atoe stakabadhi, na Mwongozo wa Jumla wa Jeshi la Polisi, maarufu kama PGO, una amri namba 229 inayohusu vielelezo. Hospitali isiyo na daftari lake la makabidhiano haina namna ya kujibu pale wakili wa utetezi atakapouliza kitu kilikuwa wapi kati ya saa nne usiku na saa moja asubuhi. Kabati lenye kufuli na ufunguo mmoja unaoshikwa na mtu anayejulikana latosha. Droo ya meza ya wauguzi, inayofunguliwa na kila mpita njia, haifai.

Nguo ndizo huharibiwa zaidi, na huharibiwa kwa haraka ya kuokoa. Mkasi usipitishwe kwenye tundu la risasi wala kwenye mpasuo wa kisu, ukate kando. Nguo isikung'utwe, kwa sababu masazo ya baruti na nyuzi ndogo hudondoka. Ikiwa imelowa damu, ianikwe ikauke kwenye chumba kinachofungwa, mbali na jua, kila nguo peke yake juu ya karatasi safi, kisha itiwe katika mfuko wa karatasi wa kaki pamoja na karatasi iliyoanikiwa. Mfuko wa plastiki, ambao ndio huwa karibu na mkono, huufungia unyevu ndani; bakteria na kuvu hustawi, na vinasaba huoza. Mwaka 1995, katika kesi ya mchezaji mashuhuri O. J. Simpson mjini Los Angeles, utetezi ulitumia muda mwingi kushambulia namna sampuli za damu zilivyowekwa zikiwa mbichi katika mifuko ya plastiki ndani ya gari lenye joto. Katika kesi hiyo hiyo muuguzi aliyemtoa mshtakiwa damu alitoa makadirio ya kiasi alichochota bila kuwa na kipimo alichokiandika. Hesabu ya chupa haikulingana na makadirio yake, na utetezi ukadai kwamba damu iliyopungua ilitumika kumbambikia mteja wao. Kuandika idadi ya mililita ni kazi ya sekunde tatu.

Risasi hutaka mkono mwepesi. Juu yake imo mistari iliyochorwa na mifuo ya ndani ya mtutu, na kwa mistari hiyo mtaalamu wa silaha huweza kuilinganisha na bunduki. Koleo la chuma lenye meno huiongezea mistari mingine. Koleo livishwe kipande cha mpira, na risasi isidondoshwe kwenye bakuli la chuma, ijapokuwa mlio huo hupendwa sana katika filamu. Daktari hana haja ya kukwaruza herufi zake juu ya risasi. Alama iwekwe kwenye chombo. Aangalie pia vidole vyake, kwani ganda la shaba la risasi iliyopasuka huwa na ncha kali kama wembe, na hukata glavu na ngozi kwa pamoja.

Hatari hiyo haikomi hospitalini. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi katika damu iliyokauka juu ya kitu kwa angalau siku saba. Karani anayepokea kisu chenye madoa bila glavu, na wakili anayekipitisha mkono hadi mkono, hawajui kilitoka kwa nani. Kisu kifungwe ndani ya boksi gumu na kukazwa kwa uzi kupitia matundu mawili, ili kisiteleze wala makali yasisuguane na kitu. Sindano iwekwe katika chombo kigumu kisichotoboka, na nje paandikwe kwamba ndani mna ncha kali na majimaji ya mwili. Maandishi hayo ni ya lazima. Mtu atakayelifungua boksi hilo miaka miwili baadaye hatakuwa na njia nyingine ya kujua.

Bunduki ina kanuni yake pekee. Mgonjwa aliyezirai akikutwa na bastola kiunoni, mtumishi wa afya asijaribu kuitoa risasi, hata kama alipata mafunzo ya mgambo ujanani. Watu waondolewe upande ambao mtutu unaelekea, kifyatulio kisiguswe, na polisi aitwe. Ikiwa haina budi kuondolewa ili mgonjwa atibiwe, ishikwe kwenye kitako, kidole kikiwa mbali na kifyatulio, iwekwe mahali pamoja panapofungwa, na mtu mmoja abaki analinda. Kuitoa magazini peke yake hakuifanyi bunduki kuwa tupu. Risasi moja huweza kubaki katika chemba, na ndiyo hiyo ambayo imewaua wengi waliosema kwa yakini kwamba silaha haina kitu.

Katika mikoa yetu, silaha inayostahili hofu ya pekee ni gobore. Bunduki za kisasa hufunguliwa kwa nyuma, na jicho huona chemba kama imo risasi au haimo. Gobore hushindiliwa baruti, matambara na goroli kwa mbele, na halina mlango wa kuchungulia. Mtaalamu hulipima kwa ufito: huutumbukiza ndani ya mtutu hadi ukome, huweka alama, kisha huulaza ufito huo nje ya mtutu aone kama alama inafika kwenye kitako cha mtutu. Ikipungua, kuna kitu ndani. Gobore lililokaa miaka katika chumba cha vielelezo laweza kuwa bado limeshindiliwa, na baruti iliyokaa pakavu haisahau kazi yake. Kwa hiyo hakuna silaha ya moto, ya kiwandani au ya kienyeji, inayopaswa kuingia katika chumba cha mahakama kabla ya mtaalamu kuikagua siku hiyo hiyo. Ukaguzi wa mwaka jana hautoshi. Silaha iwe wazi chembani, ipitishwe kamba au mkanda wa plastiki unaozuia isifungwe, na risasi zake ziwe katika pakiti nyingine, mikononi mwa mtu mwingine.

Kwa sumu, kanuni ya karatasi hugeuka. Viuatilifu vya jamii ya oganofosfeti hupenya ngozi, na vidonge vya fosfidi ya alumini vinavyotumika kuhifadhia nafaka hutoa gesi ya fosfini vinapokutana na unyevu, hata ule wa hewani. Vitu hivi huwekwa katika chombo kikavu kinachofungwa sawasawa, na havifunguliwi mahakamani kwa sababu yoyote. Hakimu akitaka kuvitambua, asome lebo na lakiri ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na atazame picha. Mshale nao usichezewe. Sumu inayotengenezwa kwa mti wa jamii ya Acokanthera hushambulia moyo, na ikihifadhiwa pakavu hudumu na nguvu yake muda mrefu. Mchubuko mdogo wa kidole cha karani watosha kuwa mlango wake.

Hatimaye daktari huitwa mahakamani. Mwendesha mashtaka humwuliza kwanza alichokiona na alichokiandika katika PF3 au taarifa ya uchunguzi wa maiti. Mahakama ya Rufani imesisitiza mara nyingi kwamba hati isisomwe kabla haijapokelewa kuwa kielelezo, na ikishapokelewa isomwe kwa sauti. Taarifa nzuri za madaktari zimeondolewa katika kumbukumbu kwa kukosa hatua hiyo ya pili. Daktari anayeona imerukwa si kazi yake kuirekebisha, lakini hapotezi kitu akiuliza kwa adabu, "Mheshimiwa Hakimu, je, naweza kuisoma sasa?"

Kama ndiye aliyekitoa kitu mwilini, kwanza aeleze alama za kukitambulisha, ndipo aonyeshwe. Pakiti inapoletwa, aangalie lakiri kabla haijavunjwa, asome maandishi ya nje kwa sauti, aseme kama saini ni yake. Aombe glavu. Kama hazipo, aombe kisu kibaki ndani ya boksi na kielekezwe kwa kalamu. Hakimu mwenye busara hatamkatalia, na asiye nayo atakuwa ameandika ombi lenyewe katika mwenendo wa shauri. Pakiti ikifunguliwa, ifungwe tena mbele ya mahakama na kuwekwa lakiri mpya.

Kisha huja swali linalotarajiwa: "Daktari, je, jeraha hilo lilisababishwa na kisu hiki?" Hapa wengi huteleza. Ngozi ina mvutano. Jeraha laweza kuwa jembamba au pana kuliko ubao wa kisu, kwa kutegemea upande lilikokatwa na jinsi kisu kilivyotoka. Kina cha jeraha la tumboni chaweza kuzidi urefu wa kisu, kwa sababu pigo la nguvu huubonyeza ukuta wa tumbo kuelekea ndani. Jibu la kitaalamu ni kwamba kisu cha namna hii kinaweza kusababisha jeraha la namna hiyo, na kwamba visu vingine vinavyofanana nacho navyo vinaweza. Kusema zaidi ya hapo ni kazi ya vinasaba, na vinasaba vina sheria yake ya mwaka 2009 na maabara yake.

Wakili akimtaka aonyeshe jinsi pigo lilivyopigwa, daktari atumie rula au kalamu. Silaha halisi isielekezwe kwa mtu, si mshtakiwa, si karani, si wakili mwenyewe aliyejitolea. Bunduki ikilazimika kuonyeshwa, mtaalamu wa polisi ndiye huishika, mtutu ukielekea ukuta usio na watu nyuma yake. Maonyesho ya kuigiza hayana faida kubwa kwa hakimu ambaye tayari ana picha, vipimo na mchoro wa mwili wenye majeraha yaliyotiwa alama.

Hukumu ikitoka, kielelezo hakitupwi siku hiyo. Rufaa huenda ikachukua miaka, na mahakama ya juu huweza kutaka kukiona. Silaha, sumu na vitu vyenye damu huteketezwa au kurejeshwa kwa amri ya mahakama tu, na anayeteketeza husaini mbele ya shahidi. Daktari aliyekitoa kitu hicho mwilini huenda wakati huo amehamia mkoa mwingine, au amestaafu. Jalada la mgonjwa na daftari la makabidhiano hubaki hospitalini, na ndivyo vitakavyotolewa kabatini shahidi mwenyewe asipopatikana.